Kuwatafuta wasikilizaji wa kawaida ndani ya mahubiri ya kale: mwongozo kamili

Mahubiri ya Kikristo ya karne ya 4 hadi ya 6 yametufikia kwa majina ya wahubiri wakubwa: Yohane Krisostomo (Antiokia, kisha Konstantinopoli), Augustino (Hippo, Afrika Kaskazini), Basili (Kapadokia, Uturuki ya leo), Caesarius wa Arles (kusini mwa Ufaransa ya leo). Fundi aliyesimama nyuma ya nguzo akiwasikiliza hakutuachia hata mstari mmoja, wala mama aliyembeba mtoto, wala mkulima aliyeingia mjini kwa sababu ya sikukuu. Hata hivyo wamo. Walipopiga makofi, mhubiri aliwajibu palepale. Walipogeuza macho, aliwakemea. Walipobisha, alirudia hoja yao kwa sauti ili aijibu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwatoa humo bila kuwatungia maneno ambayo hawakuyasema.

Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa historia au teolojia, katekista, mhubiri, na yeyote anayependa kujua watu wasioandika waliishije na imani yao. Wakatoliki wengi wamekwisha kukutana na vipande vya hotuba hizi katika masomo ya Mababa wa Kanisa yanayosomwa kwenye sala ya kila siku ya mapadre na watawa. Vipande hivyo ni vizuri kwa sala, ila mara nyingi vimekatwa mahali ambapo umati unaanza kusikika. Tafuta hotuba nzima.

Hatua ya 1: Chagua hotuba moja

Kosa la kawaida ni kuanza na mhubiri mzima. Krisostomo peke yake ameacha zaidi ya hotuba 700. Mahubiri ya Augustino kwa waumini yanazidi 500, mbali na maelezo yake ya Zaburi na ya Injili ya Yohane. Ya Caesarius yanazidi 200. Utazama. Chukua moja tu uimalize.

Kwa anayeanza, napendekeza mojawapo ya hizi: hotuba ya 3 ya Krisostomo juu ya Lazaro na tajiri; mojawapo ya hotuba zake 21 za Sanamu; hotuba ya 3 au ya 8 ya Basili juu ya siku sita za uumbaji; au hotuba ya 6 ya Caesarius. Tafsiri za Kiingereza za karne ya 19 zinapatikana bure kwenye intaneti kwa sehemu kubwa ya Krisostomo na Augustino. Wasomaji wa Kifaransa, wakiwemo wa Kongo na Burundi, wana bahati zaidi, kwa kuwa kazi za Krisostomo zote zilitafsiriwa Kifaransa katika karne hiyohiyo.

Hatua ya 2: Jua mahali, wakati na tukio

Andika juu ya ukurasa: mji gani, mwaka gani (au kipindi gani), sikukuu gani, na kuna nini mjini. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika.

Chukua hotuba za Sanamu. Mwaka 387, muda mfupi kabla ya Kwaresima, watu wa Antiokia walighadhibishwa na tangazo la kodi mpya, wakaziangusha sanamu za Kaisari Theodosius na familia yake. Kosa hilo lilihesabiwa kuwa uasi. Watu wakakamatwa, wengine wakakimbilia mashambani, askofu Flavian akafunga safari kwenda Konstantinopoli kuomba msamaha. Krisostomo, aliyekuwa padre tangu mwaka uliotangulia, alinyamaza siku 7 kisha akaanza kuhubiri. Anayesoma hotuba hizo bila kujua haya atadhani ni mawaidha ya kawaida juu ya subira na viapo. Akijua, ataona kuwa kila aliyekuwa kanisani alikuwa na ndugu gerezani au alihofia kesho yake. Hata kuacha viapo, jambo analolirudia hotuba baada ya hotuba, linapata uzito mwingine: ni kitu kimoja ambacho mtu mwenye hofu angeweza kukifanya nyumbani kwake jioni ileile.

Hatua ya 3: Uliza maneno yaliandikwaje

Hotuba nyingi hazikuandikwa kwanza na kusomwa baadaye. Waandishi wa hati mkato, yaani alama za kuandikia upesi, walikaa kanisani wakinakili kadiri mhubiri alivyosema. Mwanahistoria Socrates wa Konstantinopoli anasema wazi kwamba baadhi ya hotuba za Krisostomo alizitoa yeye mwenyewe kwa maandishi, na nyingine zilinakiliwa wakati akizisema. Kwa kazi yetu, aina ya pili ni hazina, maana inabeba hata yale ambayo hayakupangwa.

Baadaye watawa wa Zama za Kati walizinakili tena, na mara nyingi walipunguza. Mtawa wa karne ya 9 hakuwa na haja ya kujua kwamba siku fulani huko Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, watu walipiga kelele. Ndiyo maana ugunduzi wa François Dolbeau mwaka 1990 ulisisimua wataalamu: katika hati moja iliyohifadhiwa Mainz, Ujerumani, alikuta mahubiri 26 ya Augustino, baadhi yakiwa hayajulikani kabisa na mengine yakiwa yamejulikana kwa vipande tu. Humo umati unasikika kuliko tulivyozoea. Basi soma utangulizi wa mhariri kabla ya hotuba yenyewe, ujue kama una maneno yaliyonakiliwa kanisani, yaliyosafishwa na mwandishi, au yaliyofupishwa na mtu wa karne nyingine.

Hatua ya 4: Isome kwa sauti, umesimama

Ninamaanisha hivyo hasa. Katika makanisa mengi ya wakati ule askofu alikaa na watu wakasimama. Augustino, katika kitabu alichomwandikia shemasi Deogratias wa Karthago, anashauri kwamba msikilizaji aliyechoka apewe kiti, na anayasifu makanisa ya ng'ambo ambako watu wote huketi. Caesarius aliwaruhusu wenye miguu mibovu na wagonjwa kukaa, kisha akalalamika kwamba wengine wenye afya walikuwa wakijilaza kanisani kana kwamba wako kitandani.

Weka saa. Soma kwa mwendo wa mtu anayesikika bila kipaza sauti ndani ya basilika iliyojaa. Miguu yako itakuonyesha ni wapi watu walianza kuchoka, na mara kadhaa utakuta mhubiri naye ameliona hilo hapohapo: anabadili sauti, anaanza hadithi, anatoa mfano wa sokoni, anawatania. Hotuba za Caesarius ni fupi sana ukizilinganisha na za Krisostomo. Wasikilizaji wake wengi walikuwa watu wa kazi, na alitaka mapadre wengine waweze kuzisoma kama zilivyo.

Hatua ya 5: Tia alama kila mahali mhubiri anapolijibu jambo linalotokea

Chukua kalamu ya rangi. Rangi ya kwanza ni ya matukio ya palepale, na hakuna ushahidi ulio karibu zaidi na watu kuliko huu, kwa sababu mhubiri hana sababu ya kuyabuni mbele ya watu walioyaona kwa macho yao.

Katika hotuba ya 4 ya mfululizo wake mfupi juu ya kitabu cha Mwanzo, Krisostomo anasimama katikati ya maelezo ya Maandiko kwa sababu watu wamegeuka kumtazama mtu anayewasha taa. Kwa tukio hilo dogo tunajua kwamba ilikuwa jioni, giza lilikuwa linaingia, na macho ya watu yalichoka kuangalia mbele. Katika hotuba nyingine, juu ya fumbo la Mungu asiyefahamika, anawaonya waumini wasije na pesa kanisani, kwa kuwa wezi wanajichanganya na umati na kuwaibia wakati wamezama kusikiliza. Hapo una msongamano na una watu waliokuja na mifuko yao. Pia una usikivu mkubwa, maana mwizi alihitaji mtu aliyesahau mfuko wake.

Basili naye alifika hotuba ya 8 juu ya uumbaji akaanza kuongea habari za wanyama wa nchi kavu. Ghafla akanyamaza. Kisha akaeleza kwamba amewaona wasikilizaji wakitazamana na kupeana ishara: alikuwa amewaruka ndege! Akarudi nyuma, akawazungumzia ndege. Watu hawa walikuwa wanafuata maandishi ya Mwanzo kwa kichwa, mstari kwa mstari, kiasi cha kumkamata askofu wao, na walijua namna ya kumwambia bila kufungua mdomo.

Na makofi. Katika hotuba ya 30 juu ya Matendo ya Mitume, akiwa Konstantinopoli, Krisostomo anakiri kwamba makofi humfurahisha kama binadamu yeyote, lakini akifika nyumbani huumia akifikiri kwamba waliopiga makofi hawakupata faida. Anapendekeza kanuni: tangu leo, kimya. Watu wakapiga makofi. Akawauliza kwa nini wanapiga makofi wakati uleule anapoweka kanuni ya kuyazuia. Haikuwa Konstantinopoli pekee. Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu kati ya mwaka 381 na 384, anaandika kwamba askofu alipowafafanulia mafumbo wale waliobatizwa karibuni, sauti za kushangilia zilisikika hadi nje ya kanisa.

Hatua ya 6: Kusanya hoja za "utaniambia"

Rangi ya pili ni ya pale mhubiri anapoweka maneno kinywani mwa msikilizaji. Katika hotuba ya 3 juu ya Lazaro, Krisostomo anawahimiza watu wasome Maandiko nyumbani. Anasema yeye hutangaza somo siku nyingi mapema ili wajiandae. Kisha anawapa sauti wanaokataa: nimebanwa na kesi mahakamani, nina shughuli za mji, nina kazi ya mikono, nina mke, nalea watoto, nasimamia nyumba, mimi ni mtu wa dunia, kusoma Maandiko ni kazi ya wale walioukimbia ulimwengu wakakaa vilele vya milima.

Tafadhali usiharakishe kuupita ukurasa huu. Hao wa milimani ni watawa halisi waliokaa kwenye milima ya jirani na Antiokia, na watu wa mjini walikuwa wameshajigawia kazi: utakatifu mkali ni wao, sisi tuna familia. Huo si uvivu. Ni mpango mzima wa maisha ya Kikristo waliojitungia walei, na Krisostomo ndiye anayejaribu kuuvunja. Jibu lake linaonyesha anajua anaongea na nani: anawataja wafua shaba na mafundi dhahabu ambao hata wakibanwa na njaa hawauzi zana zao, maana bila zana hakuna kazi, nanyi, anasema, Maandiko ndiyo zana zenu.

Hapa kuna mtego. Shule za ufasaha zilimfundisha kila msemaji kubuni mpinzani na kumjibu, hivyo si kila "utaniambia" ilitoka kwa mtu halisi. Mimi hutumia vipimo vitatu. Je, hoja ina mambo mahususi ya maisha, au ni ya jumla mno? Je, inajitokeza kwa wahubiri wengine wa mahali pengine? Je, mhubiri anahangaika kuijibu, au anaimaliza kwa sentensi moja? Hoja ya "mimi si mtawa" inavipita vyote vitatu. Zaidi ya miaka 100 baadaye, huko Arles, Caesarius anajibu hoja ya jamii hiyo kutoka kwa wakulima: sina nafasi, niko shambani, na sijui kusoma.

Hatua ya 7: Igeuze lawama

Rangi ya tatu ni ya malalamiko, na ndiyo itakayojaza karatasi yako. Msomaji mzembe huyachukua malalamiko kama picha ya watu: walevi, washirikina, wavivu. Ukiyasoma hivyo umehamia upande wa mimbari. Kwa kila lawama uliza: huyu anayelaumiwa alikuwa anatafuta nini?

Katika hotuba ya 12 juu ya Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, Krisostomo anawalaumu wazazi wanaowasha taa kadhaa, kila moja kwa jina lake, na kumpa mtoto jina la taa iliyodumu kuwaka kuliko nyingine. Anawalaumu pia wanaomfunga mtoto kengele na uzi mwekundu, na wanaompaka tope kipajini ili kumkinga na jicho baya. Kwake ni upuuzi. Igeuze: hawa ni wazazi katika mji ambako watoto wengi walikufa wakiwa wachanga, na wanatafuta kila njia mtoto wao aishi. Na walikuwa Wakristo waliokuja kanisani. Wasingekuwepo, lawama ingemfikia nani?

Maximus, askofu wa Turin mwanzoni mwa karne ya 5, anasimulia kwamba jioni moja alisikia kelele kubwa za watu. Alipouliza, akaambiwa wanausaidia mwezi uliopatwa usishindwe. Caesarius analalamika juu ya watu wasiofanya kazi Alhamisi kwa heshima ya Jupita, mungu wa Warumi. Pia anawaambia wakulima: kama mnaweza kukariri nyimbo za mapenzi, mbona hamwezi kukariri Kanuni ya Imani, Baba Yetu na Zaburi moja au mbili? Lawama hiyo imebeba habari njema kwa mtafiti. Wakulima wa Arles waliimba, walikariri vitu virefu bila kujua kusoma, na askofu alilijua hilo vizuri kiasi cha kutaka kulitumia. Kwa wafanyabiashara wasiojua kusoma, alikumbusha kwamba huwaajiri wasomi wawaandikie hesabu. Basi wawaajiri pia wawasomee Maandiko.

Tahadhari moja kubwa: Caesarius alichota sana kutoka kwa Augustino, na wengine baadaye walichota kwa Caesarius. Kabla ya kusema "watu wa mji huu walifanya hivi", angalia kama lawama hiyohiyo haikuandikwa Hippo miaka 100 nyuma.

Hatua ya 8: Hesabu waliokuwepo na wasiokuwepo

Mwaka 1989 mwanahistoria Ramsay MacMullen alidai kwamba wasikilizaji wa wahubiri hawa walikuwa hasa matajiri pamoja na watumwa wao, na baadaye alipima ukubwa wa makanisa kuonyesha kwamba watu wengi wa mji wasingeenea. Wengine walimpinga kwa ushahidi. Mimi naona swali lake ni zuri kuliko jibu lake. Likabili kwa kila hotuba upya.

Katika hotuba ya 3 ya Basili juu ya uumbaji anasema waziwazi kwamba mafundi wengi wa kazi za mikono, wanaopata riziki ya siku kwa shida, wamesimama mbele yake, na kwamba lazima afupishe wasije wakakawia kazini. Hotuba ya 19 ya Sanamu inawakaribisha watu wa mashambani waliokuja mjini, ambao lugha yao ni tofauti na ya wenyeji ila imani ni moja. Kuhusu Antiokia yenyewe, Krisostomo anakadiria kwamba sehemu moja ya kumi ni matajiri, sehemu moja ya kumi ni maskini wasio na kitu, na waliobaki wako katikati. Hiyo si sensa. Ni makadirio ya mtu anayetaka watu watoe sadaka. Hata hivyo inatuonyesha kwamba alipoutazama umati aliona zaidi watu wa kati.

Watumwa ni jambo lenye uchungu. Katika hotuba ya 15 juu ya Waraka kwa Waefeso, Krisostomo anawakemea mabibi wanaomvua nguo kijakazi, kumfunga kitandani na kumchapa hadi kilio chake kinasikika barabarani. Anaongea na bibi. Yule kijakazi huenda alikuwa hatua chache tu nyuma yake, na hakuna neno linalomwelekea. Anayezungumziwa bila kuzungumzishwa mwandikie safu yake kwenye daftari.

Uliza pia nani alielewa. Egeria anaeleza kwamba askofu wa Yerusalemu alisema Kigiriki tu, padre akatafsiri kwa Kisiria, na wanaojua Kilatini wakaelezwa na ndugu waliojua lugha zote mbili. Augustino, akiwa Hippo, Annaba ya leo nchini Algeria, alitaja methali ya Kipuniki, lugha ya zamani ya Karthago, lakini akaitoa kwa Kilatini, kwa kuwa, alisema, si wote mnaojua Kipuniki.

Hatua ya 9: Tafuta mahali mhubiri alipobadilika

Augustino alikuwa mwalimu wa ufasaha kabla ya kuwa askofu, ila aliwaambia watu wake kwamba ni afadhali wanasarufi watulaumu kuliko watu wasituelewe. Alifundisha kwamba umati wenye hamu huonyesha kwa mwili wake kama umeelewa, na mpaka uonyeshe, mhubiri aligeuze jambo kwa njia mbalimbali, kitu ambacho aliyekariri hotuba yake hawezi. Alitunga hata wimbo wa kufuata herufi za alfabeti dhidi ya Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga na Kanisa Katoliki, ili watu wasio wasomi waukariri.

Ushuhuda wake ninaoupenda kuliko wote ni wa Kaisaria ya Mauretania, Cherchell ya leo nchini Algeria. Huko, wakati fulani wa mwaka, wenyeji, hata ndugu kwa ndugu na baba kwa mwana, waligawanyika wakapigana kwa mawe siku kadhaa na kuuana. Augustino alifika mwaka 418 akahubiri kuikomesha desturi hiyo. Walipomshangilia, anasema, alijua wameelewa na wamefurahi. Hakuhesabu kwamba amefaulu mpaka alipoona machozi. Anapoandika, miaka 8 au zaidi ilikuwa imepita bila mapigano yale.

Hatua ya 10: Linganisha na shahidi wa nje

Mhubiri hawezi kuwa shahidi wa pekee wa mafanikio yake. Kuhusu ghasia za Antiokia tuna Libanius, msemaji mpagani wa mji uleule, aliyewasifu maofisa wa Kaisari kwa upole wao. Krisostomo anawasifu watawa walioshuka milimani, pamoja na askofu Flavian. Weka maelezo hayo bega kwa bega, kisha uulize kila upande ulikuwa na umati gani wa kuridhisha.

Hatua ya 11: Andika, ukitenganisha viwango vya uhakika

Gawa matokeo yako katika sentensi za aina tatu. Kwa hotuba ya 3 juu ya Lazaro, ingekuwa hivi. Uhakika: Krisostomo aliwahimiza walei wa Antiokia kusoma Maandiko nyumbani, na aliwatangazia masomo mapema. Inaelekea sana: wapo waliokataa kwa kusema kwamba hiyo ni kazi ya watawa, kwa kuwa hoja hiyo ni mahususi na inafanana na zilizosikika kwingine. Inawezekana tu: mafundi wa shaba na dhahabu walikuwepo siku hiyo, maana mfano wao ungeweza kumfaa mtu yeyote wa mjini.

Kisha chukua hotuba ya pili ya mhubiri huyohuyo, rangi zilezile tatu, na safu ile ya wasiozungumzishwa ikiwa imeshachorwa tayari.